Tope katika uwanja wa kuku: shughulikia maji kabla ya udongo

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nafuga kuku chotara 80 na bata 5 katika kijiji kimoja jirani na Tukuyu, wilayani Rungwe. Banda liko upande wa juu wa kiwanja, na uwanja wa kuku, wenye mita 10 kwa 8, uko mbele yake kuelekea bondeni. Tangu Desemba uwanja wote ni tope linalofika kwenye kifundo cha mguu, linanuka, na mayai yanatoka machafu. Nimemwaga moramu tripu mbili na maranda magunia mengi, vyote vimezama. Wiki hii vifaranga wawili wa wiki tano wameharisha damu na mmoja amekufa. Jirani ananishauri ninyunyize chokaa, fundi anasema nimwage zege uwanja mzima. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, nianze na vifaranga, kwa sababu hao hawawezi kungoja mtaro uchimbwe. Kifaranga wa wiki tano anayeharisha damu katika uwanja uliolowa mara nyingi ana koksidiosisi, ugonjwa unaoletwa na vijidudu viitwavyo koksidia, ambavyo huzaliana ndani ya utumbo na kutoka na kinyesi vikiwa katika umbo la mayai madogo yasiyoonekana kwa macho. Yai hilo linapotoka haliambukizi papo hapo. Linahitaji unyevu, vuguvugu na hewa kwa siku moja au mbili hivi ndipo liive, kisha kifaranga akilidonoa pamoja na chakula au tope lililoganda kwenye kidole chake, ugonjwa unaanza. Kuku wakubwa wengi wamekwisha kujijengea kinga, kwa hiyo huonekana wazima huku wakiendelea kumwaga mayai hayo ardhini, na wanaoanguka ni watoto.

Kwa hiyo watenge vifaranga wote leo hii, wagonjwa na wazima, uwahamishie mahali palipoezekwa penye sakafu kavu na maranda mapya, uwape dawa ya koksidiosisi iitwayo amproliamu kwenye maji ya kunywa kwa kipimo na idadi ya siku zilizoandikwa kwenye lebo. Katika siku hizo usiwachanganyie vitamini zenye B1, kwa maana dawa hii hufanya kazi kwa kukizuia kijidudu kisiipate vitamini hiyo, nawe ukiimimina kwenye maji yale yale unaipunguzia nguvu. Akifa mwingine, usimfukie haraka. Mpeleke kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo ili apasuliwe, kwa sababu rangi ya kinyesi peke yake si ushahidi wa kutosha. Ikihitajika sampuli ya maabara, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa na afisa wako anajua namna ya kuisafirisha. Jambo moja ulishike sana: dawa nyingi za kusafishia banda haziui mayai ya koksidia, na kinachoyamaliza ni ukavu na joto kali. Kukausha uwanja wako ni sehemu ya matibabu.

Sasa tuje kwenye tope lenyewe. Katika maelezo yako kuna sentensi moja iliyonieleza karibu kila kitu, nayo ni ile inayosema kwamba banda liko juu na uwanja uko chini yake. Maana yake ni kwamba uwanja haupokei mvua inayouangukia tu, bali unapokea pia mvua ya paa na mvua ya ardhi yote iliyo nyuma ya banda. Tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hukutaja ukubwa wa paa, lakini tuchukulie kwamba banda la kuku 80 lina paa la mita 8 kwa 3, yaani mita 24 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo kwenu si ajabu kwa siku moja ya Machi au Aprili, paa hilo linamwaga lita 1,200, sawa na mapipa 6 ya lita 200, na yote yanaangukia mstari mmoja mwembamba mbele ya mlango ambapo kuku wanasongamana zaidi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa kati ya Novemba na Mei, kwa hiyo mzidisho huo unajirudia msimu mzima kabla hatujahesabu maji yanayotiririka kutoka juu ya kiwanja.

Juu ya maji hayo ongeza kinyesi. Kuku mmoja mkubwa hutoa takribani gramu 100 hadi 150 za kinyesi kibichi kwa siku, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Kundi lako linatoa kama kilo 10 kila siku, na hata kama nusu inabaki bandani usiku, uwanja unapokea kilo 5 za kitu laini kinachoshika maji na kuziba vijitundu vya udongo. Udongo wa Rungwe, kwa kuwa umetokana na majivu ya volkano, ni mzuri sana ukiwa haujavurugwa: maji hupenya na ardhi hubaki imesimama. Lakini ukikanyagwa na kuparuliwa kila siku ukiwa umelowa, hupoteza muundo wake na kuwa uji. Kama unataka kuthibitisha, chimba shimo la kina cha sentimita 30 nje ya uzio na jingine katikati ya uwanja, yajaze maji yote mawili na uyaangalie baada ya saa moja. Tofauti utakayoiona itakuonyesha kwamba ardhi ya kijiji chako haina kosa. Kosa liko kwenye ngozi ya juu ambayo kuku, kinyesi na maji ya paa vimeitengeneza kwa pamoja.

Hii ndiyo sababu moramu na maranda vimezama. Moramu nyingi huwa na udongo wa mfinyanzi ndani yake, nao ukichanganyika na kinyesi na maji unakuwa tope jipya la rangi nyekundu. Maranda nayo yakiwekwa juu ya tope yanafyonza maji kwa siku chache, yanalainika, kisha yanaoza yakiwa hayana hewa, na hapo ndipo harufu inapozidi. Hukupoteza fedha kwa sababu ya kuchagua kitu kibaya, kwani vyote viwili vina mahali pake. Tatizo ni kwamba viliwekwa wakati maji bado yanaingia. Usinunue tripu nyingine ya kitu chochote hadi maji ya paa na maji ya mlimani yawe yamepewa njia nyingine.

Maji ya paa ndiyo rahisi, na kazi hiyo inaweza kufanyika wiki hii hata mvua ikiwa inaendelea. Funga gata upande wote wa paa unaomwaga uwanjani. Kama gata la dukani ni ghali, bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa kwa urefu linafanya kazi hiyo hiyo kwa paa la ukubwa huu, au bati chakavu lililokunjwa na fundi. Ning'iniza gata chini kidogo ya ncha ya bati, bati likiingia ndani ya gata kwa sentimita 3 hadi 5, kwa sababu likizidi hapo mvua kubwa itaruka juu ya gata na kuanguka pale pale inapoanguka leo. Mteremko wa nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kila mita unatosha. Mwishoni weka tangi au pipa, nawe utapata maji ya kunywesha kuku bila kwenda kisimani, ila hakikisha kuna bomba la kupitisha maji yanayofurika na kuyatoa nje ya uzio. Nimeona tangi nzuri zilizosimikwa kwenye kona ya uwanja ambazo zikijaa zinamwaga maji palepale kwenye miguu ya kuku, na mwenye nazo anashangaa kwa nini gata halikusaidia.

Maji ya kutoka juu yanahitaji kinga maji, yaani mtaro unaochimbwa nyuma ya banda kukatiza mteremko, wenye upana wa kama sentimita 50 na kina cha 30 hadi 40, udongo unaotoka ukitupwa upande wa chini ili ujenge tuta. Wakulima wa kwenu wanazijua kinga maji za mashambani vizuri kuliko mimi, kwa hiyo sitarefusha, ila nitakazia kipimo cha mteremko, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Mtaro ukiwa bapa maji yanasimama na kupenya kwenda chini ya banda. Ukiwa mkali unakuwa korongo ndani ya misimu miwili. Tumia levo ya mpira kama mafundi ujenzi wanavyofanya: chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye urefu wa mita 10 hivi, ujaze maji, uinue na kuugongagonga hadi viputo vyote vya hewa vitoke. Funga kila ncha kwenye fimbo, fimbo zote zikiwa na urefu sawa na alama sawa za sentimita. Mtu mmoja asimame mwanzo wa mtaro na mwingine mita 5 mbele, wasubiri maji yatulie. Maji yatakuwa kwenye usawa mmoja katika ncha zote mbili, kwa hiyo tofauti ya alama inakuambia ardhi imeshuka kiasi gani. Tafuta tofauti ya sentimita 5 kwa mita hizo 5, yaani sentimita moja kwa kila mita. Kagua kwanza hewa imetoka, kwa sababu kiputo kimoja kilichobaki katikati ya mpira kinatosha kukudanganya mtaro mzima.

Mahali mtaro unapotokea pafikirie kabla ya kupiga jembe la kwanza. Maji ya kinga maji ni safi na yanaweza kuelekezwa kwenye migomba, ambayo kwenu haikosekani kando ya nyumba, yakipitia kwanza eneo lenye ukoka au mawe ili yasichimbe ardhi. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini wala njiani. Mambo ya namna hiyo huishia kwa mtendaji wa kijiji. Maji yanayotoka ndani ya uwanja wenyewe ni jambo jingine kabisa, kwa sababu yamebeba kinyesi. Hayo yaishie ndani ya kiwanja chako, kwenye ukanda mpana wa majani marefu, vetiva au matete, na yasifike kwenye kijito wala chemchemi ambayo watu wanachota maji.

Ukishayageuza maji, utaona uwanja unaanza kubadilika wenyewe mvua ikikatika hata kwa siku tatu, na hapo ndipo kazi ya ardhi inapoanza. Sikushauri ukwangue uwanja wote sasa hivi. Mita 80 za mraba zenye tope la sentimita 10 ni mita 8 za ujazo, zaidi ya matoroli 100, na kulisomba likiwa limelowa ni adhabu. Kwa msimu huu kwangua sehemu tatu tu: mbele ya mlango wa banda, chini ya vyombo vya maji na mahali pa kulishia. Huko ndiko kuku hutumia muda wao mwingi, na uwanja wa kuku siku zote huharibika kuanzia hapo. Sehemu iliyobaki ingoje Julai na Agosti, ardhi ikiwa ngumu na vibarua hawana shughuli nyingi shambani.

Tope unalolitoa usilimwage moja kwa moja kwenye shina la mgomba, kwa maana kinyesi kibichi cha kuku kina naitrojeni nyingi na huunguza mizizi. Lirundike mahali palipoinuka, lichanganye na majani makavu ya migomba, ulifunike kwa turubai na uligeuze mara chache. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa limepoteza harufu na kuwa mbolea ambayo jirani wenye bustani za mboga watakuja kuiulizia kwa bei.

Baada ya kukwangua hadi ufike kwenye udongo mgumu, kabla ya kuweka kokoto tandaza mifuko mitupu ya salfeti, ile ya plastiki iliyosukwa ambayo huja na mbolea au sukari, ikiwa imepasuliwa na kulaliana kwa sentimita 20 kwenye maungio. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana haina maana, lakini bila kitu cha kutenganisha, kokoto hukanyagwa zikazama ndani ya udongo laini kama moramu yako ilivyozama. Mfuko huo unapitisha maji na kuzuia tope lisipande. Jua huuharibu haraka ukiachwa wazi, ila ukifukiwa unadumu. Juu yake weka kokoto au changarawe sentimita 10. Kwenu vinapatikana pia vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyoelea majini. Vinafaa kwa tabaka hili la chini, lakini usiviache juu kabisa kwa sababu husagika vikikanyagwa. Kisha weka mchanga wa mto wenye chembe kubwa, sentimita nyingine 10. Mchanga laini wa kupigia plasta usiutumie, kwani hushikamana. Kuku watapenda kuogea mchanga huo ukiwa mkavu, nawe utaweza kuupitishia reki na kuondoa kinyesi cha juu mara mbili au tatu kwa wiki, jambo ambalo halifanyiki kwenye tope.

Katika eneo lililobaki, ambalo halitawekewa kokoto, unaweza baadaye kutandaza vipande vya miti, yaani matawi yaliyokatwakatwa na magome kutoka kwa wapasua mbao, kwa unene wa sentimita 20 na kuendelea. Vipande vikubwa huacha nafasi za hewa, maji yakapita na kinyesi kikaoza taratibu bila kunuka sana, huku kuku wenyewe wakivigeuza kwa kuparua. Maranda laini na unga wa mbao usiviweke mahali panaponyeshewa. Mahali pake ni ndani ya banda. Maganda ya mpunga kutoka Kyela ni matandazo mazuri sana chini ya paa, ni mepesi, hayashiki maji mengi, na mashineni bei yake ni ndogo, lakini yakinyeshewa yanaelea na kusombwa. Kyela hiyo hiyo ina kakao nyingi na huenda mtu akakupa maganda yake bure. Yakatae, kwa sababu yana theobromini ambayo ni sumu kwa kuku. Nyasi kavu nazo huoza upesi na kuota ukungu unaoshambulia mapafu ya kuku, hivyo zitumie kwa dharura tu na uzitoe baada ya siku chache. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisiingie uwanjani kwa umbo lolote.

Kwa matandazo ya ndani, kipimo ni mkono wako. Chota konzi moja kutoka chini, si juu, uikamue na kuifungua ngumi. Yakimeguka na kusambaa, unyevu uko sawa. Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi na lazima yatolewe au yageuzwe na kuongezewa makavu. Yakitoa vumbi, ni makavu mno. Ukiingia bandani alfajiri na macho yakawasha, amonia, ile gesi kali inayotoka kwenye kinyesi, imekwisha kuwa nyingi hata kama kuku hawajaanza kukohoa, na dawa yake ni kufungua madirisha na kuondoa matandazo yaliyolowa.

Kuhusu bata wako watano, ninajua hutapenda, lakini watoke katika uwanja huo. Bata hula kwa kuchovya mdomo kwenye maji kisha kwenye udongo, huchimba vijishimo kila mahali penye unyevu, humwaga nusu ya maji wanayopewa, na kinyesi chao ni chepesi kuliko cha kuku. Bata 5 wanaweza kukurudisha ulikotoka hata baada ya gharama zote nilizotaja. Watengee sehemu yao upande wa chini kabisa wa kiwanja, karibu na migomba, ambako maji wanayomwaga yatakuwa na faida. Kuhusu vyombo vya maji vya kuku, viinue vifike usawa wa mgongo wa kuku na uviweke juu ya chaga za mbao zenye nafasi kati yake, chini pakiwa na kokoto, ili tone linalodondoka lipite na miguu ya kuku isikutane nalo. Chaga hizo zinafaa pia kuwa njia ya muda mbele ya mlango katika kipindi hiki, mradi uziinue kila wiki, kwa maana panya hupenda sana kulala chini yake.

Kama una fedha ya jambo moja kubwa mwaka huu, iweke kwenye paa. Ongeza kibaraza cha bati mbele ya banda, mita 8 kwa 2.5, yaani mita 20 za mraba, chenye gata lake na sakafu ya mchanga au maganda ya mpunga, pembeni pakiwa na wavu. Kuku 80 watakaa hapo wanne kwa kila mita ya mraba, na kwa siku ya mvua kubwa hiyo si dhiki. Siku hizo usifungue mlango wa kwenda uwanjani kabisa. Wafugaji wengi huona kuwafungia kuku ni kuwaonea, lakini saa sita za kukanyaga ardhi iliyolowa zinaharibu uwanja kuliko wiki nzima ya kutembea kwenye ardhi kavu, na kuku aliyelowa tumbo hatagi vizuri.

Lipo pia suala la idadi, ambalo hukuliuliza ila siwezi kuliacha. Kuku 80 katika mita 80 za mraba ni mita moja kwa kila kuku, na kwa kiwango hicho hakuna majani yatakayoota, kwa hiyo usipoteze muda kupanda ukoka ndani. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu mayai ya kuku wanaofugwa huria zinadai mita 4 za mraba za nje kwa kila kuku, na hata huko sehemu iliyo karibu na mlango hubaki kipara. Ukipata eneo jirani, gawanya uwanja mara mbili au tatu kwa wavu na uwazungushe, upande mmoja ukipumzika hadi majani yarudi. Kupumzisha ardhi kuna faida nyingine, kwani mayai ya minyoo mikubwa ya utumbo huishi kwa miezi mingi katika udongo wenye unyevu na kivuli, lakini jua kali na ukavu huyapunguza. Nyungunyungu wanaojitokeza kwenye tope nao wanaweza kubeba minyoo ya koo, ile inayomfanya kifaranga anyooshe shingo na kupanua mdomo akitafuta pumzi. Ukiiona dalili hiyo usidhani ni mafua tu.

Jirani yako aliyekushauri chokaa ana nia njema, lakini ushauri huo usiufuate kwa sasa. Chokaa ya ujenzi huunguza nyayo na macho ya kuku ikikutana na unyevu, na ikichanganyika na kinyesi hupandisha amonia, kwa hiyo utaongeza harufu badala ya kuiondoa. Tope lenyewe haitalikausha, kwa sababu kiasi unachoweza kunyunyiza ni kidogo mno ukilinganisha na maji yaliyomo. Mahali inapofaa ni hapa tu: baada ya kukwangua, kuku wakiwa wametolewa, unaweza kupaka safu nyembamba kwenye udongo mtupu kabla ya kuweka mifuko na kokoto, ambapo haitaguswa tena na mguu wa ndege.

Mayai machafu yatapungua yenyewe miguu ikiwa safi, ila kwa sasa weka matandazo makavu kwenye viota kila siku mbili na uokote mayai mara tatu kwa siku. Usiyaoshe kwa maji baridi, kwa sababu yai lenye joto likipoa ghafla huvuta maji na vijidudu kupitia vitundu vya ganda. Yenye uchafu kidogo yafute kwa kitambaa kikavu, na yaliyochafuka sana yapikwe nyumbani siku hiyo hiyo.

Limebaki zege la fundi. Uwanja mzima wa zege utakugharimu zaidi ya gata, kinga maji na kibaraza kwa pamoja, na bado maji ya paa yatakuwa yanamiminika humo, safari hii yakisomba kinyesi chote kwa mkupuo hadi kwenye uzio wa chini. Sakafu ngumu isiyo na mchanga juu yake huchubua nyayo za kuku wazito, vidonda hivyo vikaingia bakteria na kuvimba hadi ndege akachechemea, na kuku wa zege hana pa kuparua wala kuogea vumbi. Mwambie fundi akumwagie kipande cha mita 2 kwa mita 1.5 tu nje ya mlango wa uzio, chenye mteremko kuelekea upande wa migomba, ambapo utaoshea vyombo vya maji na viatu vyako kabla ya kuingia kwa vifaranga. Saruji itakayobaki aitumie kuimarisha mdomo wa kinga maji, mahali mtaro unapomwaga, ili mvua za Aprili zisiukute ukiwa udongo mtupu.